Shukrani kwa mzee wa kofia ya Cubs, popote alipo

Jamani leo naomba nimshukuru mzee mmoja ambaye hata jina sikumuuliza. Tulibanana meza moja kwenye baa karibu na Wrigley Field, Chicago, usiku wa tarehe 2 Novemba 2016, mechi ya 7 ya fainali ya besiboli, Cubs, timu ya Chicago, wako ugenini Cleveland na sisi tunaangalia kwenye TV. Mimi mtoto wa Tanga besiboli naijulia wapi, akaona navyoshangaa akavuta tishu akachora zile besi, vile vituo vya kukimbilia, kwa peni, akanielekeza nani anakimbilia wapi na kwa nini, taratibu bila kunicheka.

Asee raundi ya 8 Rajai Davis wa Cleveland akapiga ile hom rani, mpira ukavuka ukuta wa uwanja, 6-6, baa nzima kimya, mzee akavua kofia akaiweka mezani hasemi kitu. Ikaja mvua mechi ikasimama dakika 17, ndo akanihadithia kwamba ubingwa wa mwisho ulikuwa 1908 na baba yake kafa anausubiri. Raundi ya 10 Ben Zobrist wa Cubs akapiga dabo, yaani pigo la kumfikisha besi ya pili, Cubs wakashinda 8-7, na kumbuka walikuwa nyuma kwa mechi 3-1 kwenye fainali, hebu fikiria! Mzee akalia kama mtoto, akanikumbatia mimi mgeni.

Mzee wangu najua Kiswahili husomi ila Chicago tupo wengi, kuna mtu atakutafsiria. Asante sana. Na ile bili ya mabawa ya kuku uliyolipa kimyakimya, nadaiwa bado.