Kiti Mwendo cha Umeme na Simu ya Upepo: Kaa Mbali au Zima Kiti

Umesimama getini na kiti chako kimewashwa. Mlinzi aliye pembeni yako anabonyeza simu ya upepo (redio ya mkononi ya kubonyeza na kuongea) kumwita mwenzake. Wimbi analorusha linaweza kuingia kwenye nyaya za kiti, kikaanza kwenda bila jostiki (kijiti cha kuongozea kiti) kuguswa, kikapinda ghafla, au breki zikaachia. Haitokei kila siku, lakini ikitokea kwenye mtelemko au kando ya barabara mtu huumia.

Jostiki haiendeshi mota moja kwa moja. Inatuma volti ndogo kwenye kontrola, yaani kisanduku cha elektroniki kinachoamuru mota: kwa jostiki nyingi, ikiwa katikati ni takriban volti 2.5, na ukiisukuma hupanda au kushuka. Kontrola ikisoma mabadiliko hayo, inapeleka umeme wa betri (volti 24, yaani betri mbili za volti 12) kwenye mota na kuachia breki za sumaku. Shida ni kwamba waya wa jostiki unaweza kunasa mawimbi kama antena. Wimbi kali likivuruga ile volti ndogo, kontrola inadhani wewe ndiye uliyesukuma.

Umbali ndio unaoamua. Tangu 1994 mamlaka ya Marekani inayosimamia vifaa tiba, FDA, imekuwa ikiwataka watengenezaji wazingatie kinga ya angalau volti 20 kwa mita (kipimo cha ukali wa wimbi ambalo kiti kinapaswa kulistahimili), na viti vingi vya sasa vimeandikwa kiwango hicho kwenye kitabu chake. Sasa piga hesabu: simu ya upepo ya wati 5 hutoa takriban volti 15 kwa mita ukiwa mita 1 kutoka kwenye antena, lakini ukiwa nusu mita inafika 30 hivi. Hapo kinga imeshapitwa. Redio za kwenye magari ya polisi, ya wagonjwa na ya zimamoto huwa na nguvu zaidi, mara nyingi wati 25 na kuendelea, kwa hiyo usisimame ukiegemea gari la namna hiyo. Mita 3 au 4 ni afadhali. Kama wewe mwenyewe unatumia simu ya upepo kazini, zima kiti kwanza ndipo ubonyeze kuongea. Aliye karibu nawe mwombe asogee. Si utovu wa adabu.

Simu ya mkononi ina nguvu ndogo, ila kwenye 2G inaweza kufika wati 2, na hupandisha nguvu mtandao unapokuwa hafifu. Hata usipoongea, inawasiliana na mnara. Wengi hufunga kimfuko cha simu kwenye mkono wa kiti, ubavuni mwa jostiki. Sisi mafundi wa viti hivi tunashauri kihamishiwe upande wa pili.

Jambo linalotusumbua zaidi ni vifaa vya nyongeza. Fundi wa mtaani anaunga taa au chaja ya simu kwenye betri moja kati ya mbili. Betri hiyo inaisha mapema kuliko mwenzake, zote mbili zinakufa kabla ya wakati, na nyaya mpya zinaweza kupunguza ile kinga ya kiwandani. Vilevile, ukiona pete nyeusi nzito kwenye kebo ya jostiki, hiyo ni feraiti ya kuzuia mawimbi. Baada ya matengenezo hakikisha imerudishwa.

Kiti kikienda chenyewe, achia jostiki na uzime swichi mara tu inapokuwa salama. Kitasimama kwa kishindo, ndiyo maana mkanda uwe umefungwa. Kisha andika mahali, saa, kilichokuwa karibu na upande kiti kilikoelekea.

Hata hivyo usiharakishe kulaumu mawimbi. Kama kinafanya hivyo popote, hata ndani ya nyumba pasipo na redio, kagua kiti kikiwa kimezimwa: mpira wa jostiki umechanika na maji yameingia? Jostiki ukiiachia inarudi katikati? Kebo imebanwa chini ya siti? Plagi zimelegea, au zimeota ukungu wa kijani? Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, hewa ya chumvi hula plagi haraka, na dalili zake hufanana sana na za mawimbi. Usijaribu kuthibitisha kwa kusogeza simu ya upepo ukiwa umekaa kitini. Jaribio hilo hufanywa na fundi, magurudumu ya mota yakiwa yameinuliwa juu na hakuna mtu kitini.

Ukituletea kiti chenye tatizo hili, kilete na vyote vilivyoungwa, chaja yake, kitabu chake kama kipo na yale maelezo uliyoandika. Usifungue jostiki wala usiipulizie dawa ya kutu kabla hatujaiona, maana alama za maji na kutu ndizo zinazotuonyesha chanzo.