Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mpango wa Afya wa Mtaa Wetu, Mathare, Nairobi

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana, hamjambo.

Katiba ya chama inanitaka nieleze kazi iliyofanyika kila mwaka unapoisha. Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na mwenye swali kuhusu michango amwulize yeye. Nafasi yangu nitaitumia kwa jambo lililotuchukulia muda mwingi kuliko mengine yote, nalo ni kuandika mpango wa afya na ustawi wa mtaa wetu.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mmoja wetu haki ya afya bora, maji safi, usafi wa mazingira na makao ya heshima. Hospitali za kaunti na zahanati, uzoaji taka na kinga ya magonjwa ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi uanze 2013. Kilichokuwa hakieleweki kwa wengi wetu ni kalenda ya fedha hizo. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba. Mwelekeo wa matumizi hufuata kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, ili mwaka wa fedha uanze 1 Julai. Mtaa unaokwenda kulalamika mwezi wa Juni hukuta chakula kimeshapakuliwa na sahani zimeoshwa. Ndiyo maana kamati iliamua tuandike mpango wetu wenyewe, tuufikishe mapema, na kila ombi liwe na mahali pake na sababu yake.

Kazi ilianza kwa daftari. Kila mhudumu wa afya ya jamii, hawa tunaowaita CHP (Community Health Promoter), huangalia takriban nyumba 100. Lakini tangu mafuriko ya Aprili 2024, na ubomoaji wa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni, daftari hazikufanana tena na mtaa. Zilitaja milango isiyokuwepo. Familia zilizohamia Huruma, Kiamaiko na Mlango Kubwa hazikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote, na miongoni mwao walikuwamo watoto wa chanjo na wagonjwa wa kifua kikuu wanaopaswa kumeza dawa kwa miezi sita bila kukatiza. Ukipanga kwa daftari kama hiyo, unawapangia watu wasiopo. Kwa hiyo wanachama walitembea na CHP, uchochoro kwa uchochoro, kuandika upya. Akina dada na kaka hawa hupewa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, na bado walitembea nasi Jumamosi baada ya Jumamosi. Nawashukuru kwa moyo wote.

Matembezi hayo ndiyo yaliyotupa kipaumbele cha kwanza. Katika uchochoro mmoja wa Mabatini tulikuta mipira ya maji imelazwa ndani ya mtaro wa maji machafu, mmoja umezibwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Maji yakiwa na nguvu, mpira huo huvuja tu. Siku ya mgao, maji yanapokatika, nguvu hupotea ndani ya mpira na uchafu wa mtaro huvutwa kupitia ufa uleule. Maji yakirudi, mtungi wa kwanza hubeba kilichoingia. Aliyeteka amelipia maji ya bomba, tena anaamini ni safi. Kipindupindu kilichozuka nchini Oktoba 2022 kilitukumbusha gharama ya hali hiyo.

Najua baadhi yenu mlitaka zahanati mpya iwe ya kwanza. Mjadala ulikuwa mkali, na nauheshimu. Msimamo wangu haujabadilika: zahanati iliyozungukwa na mipira iliyopasuka itakuwa ikimtibu mtoto yuleyule kila mwezi. Wenzetu wa Mukuru, mtaa mwingine wa Nairobi, baada ya kaunti kutangaza eneo lao kuwa la mipango maalumu mwaka 2017, waliweka maji, maji taka na barabara meza moja na afya. Tumejifunza kwao. Mpango wetu unaomba mipira itolewe mitaroni na kuinuliwa, na vyoo vya umma viwe na taa, kwa sababu mwanamke anayeogopa kutoka usiku hujisaidia kwenye mfuko.

La pili ni presha na sukari. Siku za upimaji walikuja akina mama, wanaume hawakuonekana. Vijana wetu wakashauri tuwafuate waliko, kwenye steji ya boda boda na kwa vinyozi, Jumapili alasiri. Mwendeshaji mmoja alicheka alipofungwa mkanda mkononi, kwani hakuwa akiumwa popote. CHP alipima, akamwacha apumzike, akapima tena, kisha akamwandikia barua ya rufaa papo hapo. Presha haina kelele, na mtu hujisikia mzima hadi kiharusi kimwangushe. Upimaji wa steji sasa umo ndani ya mpango.

Hapo tuligundua pia kwamba wengi hawajajiandikisha SHA, yaani bima ya afya ya serikali, wakidhani kujiandikisha ni kulipa. Si hivyo. Kujiandikisha ni bure, na aliyejiandikisha hupata huduma za msingi bila malipo katika vituo vya umma vya ngazi ya pili na ya tatu, yaani zahanati na vituo vya afya, kwa kuwa serikali ndiyo inayogharamia. Mchango, ambao kima chake cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ndio unaofungua huduma za kulazwa na matibabu makubwa. Mwelezeni jirani.

Kuhusu afya ya akili, tumeomba mshauri awepo kituoni siku maalumu, na uwanja wa watoto usigeuzwe maegesho. Hatujaridhika na sehemu hii; ni fupi mno kwa mtaa uliopoteza nyumba nyingi kwa msimu mmoja, na kamati mpya iipanue.

Mpango ulipokelewa katika ofisi ya wadi na nakala yetu ikagongwa muhuri. Imo katika faili ya katibu, na mwanachama yeyote anaweza kuisoma. Kabla ya 28 Februari tunahitaji watu wa kuhudhuria vikao vya umma, hasa wanaoishi kwenye vichochoro tulivyovitaja, kwa maana wao ndio watakaoulizwa. Nauli itatoka katika mfuko wa chama. Kamati inapendekeza nafasi mbili zaidi, moja ya kijana na moja ya mtu mwenye ulemavu, na naomba majina yatolewe leo kabla hatujapiga kura.

Mwenyekiti