Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Dar es Salaam: Shule za kata zilinganishwe kwa haki

Ndugu Afisa Elimu,

Salaam. Mimi ni mzazi wa Chanika. Mtoto wangu mkubwa yuko darasa la saba, na kama wazazi wengi wa huku pembezoni mwa jiji nimekuwa nikipekua matokeo ya kidato cha nne ya shule za kata zinazotuzunguka, kuanzia Msongola na Zingiziwa hadi Pugu. Nakuandikia kwa sababu jinsi tunavyozilinganisha shule hizi inawaonea baadhi ya walimu na kuwasitiri wengine.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora. Uamuzi ulikuwa mzuri, ila haukutuponya. Matokeo yakitoka asubuhi, jioni orodha za watu tusiowajua zimeshazagaa kwenye makundi ya wazazi: shule fulani divisheni wani ngapi, shule fulani ziro ngapi. Kibaha Sekondari, inayopokea watoto waliochujwa kwa ufaulu, inapangwa safu moja na shule ya kata inayopokea kila aliyefaulu la saba mtaani. Hapo tumelinganisha nini?

Hata tukizishindanisha shule za kata zenyewe kwa zenyewe, divisheni inaficha mengi. Inapigwa kwa masomo saba ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi. Kwa hiyo anaweza kubeba F ya Hisabati na bado akapata divisheni ya pili, shule ikapigiwa makofi. Mzazi anayetaka ukweli ashuke hadi kwenye jedwali la masomo. Atazame waliofanya Biolojia, ambayo katika mtaala wa zamani ni lazima kwa wote, kisha atazame waliofanya Fizikia. Akikuta Biolojia wako mia mbili na Fizikia kumi na tano, asikimbilie kusema watoto wa shule ile hawapendi sayansi. Aulize kwanza kama mwalimu wa Fizikia yupo, na kama maabara ina vifaa au ni jengo tu lenye kufuli.

Lakini kubwa kuliko yote kwangu ni watoto wanaopotea njiani. Chukua idadi ya waliofanya upimaji wa kidato cha pili, halafu miaka miwili baadaye hesabu waliokaa kwenye mtihani wa kidato cha nne. Shule mbili zinaweza kuwa na asilimia ileile ya ufaulu, moja imefikisha karibu watoto wote, nyingine imeacha theluthi barabarani. Hiyo ya pili inaweza hata kuonekana bora, maana wanaoacha shule mara nyingi ni walewale waliokuwa wakihangaika. Huku kwetu mtoto anapanda magari mawili alfajiri, kwa nauli ya mwanafunzi ya shilingi 200 ambayo makondakta wengi hawaitaki, na anafika kipindi kimeshaanza. Mwingine anashinda na njaa mpaka saa tisa kwa kuwa nyumbani hawakuweza kuchangia chakula cha shuleni. Mwalimu anayemng'ang'ania mtoto wa namna hii mpaka akamaliza na divisheni ya nne amefanya kazi nzito, na malipo yake kwenye zile orodha ni kuambiwa ameishusha shule.

Utaniuliza: unalinganisha ya nini, wakati mtoto wa shule ya serikali anapangiwa tu? Kweli, majina yakishatoka, basi. Ndiyo maana siombi orodha ya kuchagulia shule. Naomba ulinganisho wa kudaia walimu na vifaa. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, iwe shule ina walimu wa Hisabati watatu au haina hata mmoja. Isiyo naye inabaki kuwachangisha wazazi wamlipe kijana wa kujitolea, na wazazi wasipokuwa nacho, kipindi kinapita bure. Tukijua shule ipi ina nini, tutauliza kwenye kikao cha wazazi kwa ushahidi, badala ya kumzomea mkuu wa shule ambaye walimu hapangi yeye.

Ombi langu ni karatasi moja kwa kila shule ya sekondari ya serikali mkoani, ibandikwe shuleni na kwenye ofisi ya kata. Ionyeshe watoto waliingia kidato cha kwanza wangapi na kwa ufaulu gani wa darasa la saba, waliofika kidato cha nne wangapi, walimu wa Hisabati na sayansi waliopo, na waliofanya Fizikia na Kemia. Kisha shule ilinganishwe na zile zilizopokea watoto wa kiwango kimoja nayo. Takwimu hizi zipo maofisini. Wakuu wa shule wanazijaza kila mwaka.

Na ifanyike mapema. Katika mtaala mpya shule ya msingi inaishia darasa la sita badala ya la saba. Mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mwisho vitamaliza pamoja, na Januari 2028 makundi yote mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza. Mdogo wake mwanangu yumo humo. Kabla ya siku hiyo tungependa kuona, kata kwa kata, ni shule zipi zimeshaelemewa hata sasa, na ofisi yako imepanga kuzipelekea walimu wangapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Chanika