Kabla ya kuuza vidonge, pimeni mkono kwanza

Ndugu Mhariri,

Juma lililopita mama mkubwa alitoka soko la Kadutu na kapu lake, akapanda mlima kwa miguu kama tunavyopanda sote hapa Bukavu, akaingia farmasi moja kupima tansio (shinikizo la damu). Alipimwa amesimama bado anahema, mkanda wa mashine juu ya sweta, huku akiulizwa habari za wajukuu. Mashine ikaandika 172 kwa 104. Akarudi nyumbani na vidonge vya mwezi mzima.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilimwomba asimeze hata kimoja. Kesho yake tukarudi pamoja, nikiwa na mashine yangu ya kupampu na stetoskopi. Kijana wa pale, nimsifu, hakukasirika. Tulimkalisha mama dakika tano, mkono wazi juu ya meza usawa wa moyo, kimya. Tukapima kwa zamu, yao kisha yangu, mara tatu. Kila mara yao ilizidi kwa karibu 18.

Kijana akasema basi mashine imekufa. Tukaijaribu kwenye mkono wake mwenyewe, pamoja na yangu: tofauti 3 tu! Ndipo nikaomba futi ya fundi cherehani wa jirani. Mkono wa mama ulikuwa sentimita 41, na mkanda umeandikwa 22–32. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, hata mashine ikiwa nzima.

Watu wengi hudhani mashine hizi zinasikiliza kama sisi. Hapana. Zinahisi mtetemo wa hewa ndani ya mkanda, kisha zinakokotoa kwa hesabu ya kiwanda. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 81060-2, kinataka kila aina ijaribiwe kwa watu wasiopungua 85, na wastani wa tofauti na kipimo cha stetoskopi usizidi 5. Boksi zuri si ushahidi wa hayo. (Na sisi wa kupampu tusijigambe: mshale usiporudi kwenye sifuri, nasi tunadanganya.)

Ninaomba farmasi zetu ziwe na mkanda mkubwa, zipeleke mashine kituo cha afya kulinganishwa angalau mara moja kwa mwaka, na zisiuze dawa ya tansio kwa kipimo kimoja cha mtu aliyetoka mlimani.

Pale tulipokwenda, kiti kimeshawekwa. Mkanda mkubwa bado.

Muuguzi mstaafu,
Kadutu, Bukavu