Mfarishi wa viraka: wekeni kwanza kipimo kimoja

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na kina dada wanaojifunza kwa kikundi kushona mfarishi wa viraka, yaani tandiko la kitanda la vipande vya nguo vilivyoungwa, hasa huu wa mafunzo ambao kila kiraka kina umbo lake. Wengi huuacha katikati viraka vinapokataa kuungana, wakidhani mikono yao ni mizito. Mara nyingi ubaya umo kwenye utepe wa kupimia. Tepe hizi hunyumbuka zikizeeka, basi marafiki sita wakikaa barazani Langoni na tepe sita, wanashona kwa vipimo sita. Kateni kiolezo kimoja cha bati na wote mkitumie hicho hicho. Cha kadibodi nacho kinafaa, ila pembe zake huliwa na penseli upesi, kwa hiyo kibadilishwe mara kwa mara.

Jambo la pili ni kugawana kazi. Desturi ni huyu kushona viraka vya umbo la nyota, yule vya umbo la vipande tisa, kisha vikakutanishwa. Kwa mtindo huo kila mtu hurudia anachokijua. Afadhali wote washone viraka vyote 12, kimoja kila mkutano, na anayelijua umbo la siku hiyo ndiye aongoze. Mwishowe kila mmoja atakuwa na mfarishi wake.

Kiraka kikiwa ndani ya mfarishi kinatakiwa kuwa inchi 12, kwa hiyo kabla ya kuungwa kiwe inchi 12 na nusu, kwa kuwa mshono hula robo inchi kila upande. Robo hiyo haina mzaha. Mshono ukizidi kwa sehemu 1 tu ya 16 ya inchi, kiraka chenye mishono 2 hupungua robo inchi nzima, na cha mishono 5 hupungua zaidi ya nusu inchi. Kabla ya kugusa leso nzuri, kila mmoja akate kanda 3 za upana wa inchi 1 na nusu, aziunge kwa urefu na kuzipiga pasi. Upana wote ukitoka inchi 3 na nusu, na ukanda wa kati inchi 1 kamili, mshono wake unaaminika. Anayeshona kwa mkono asifuate ukingo wa kitambaa. Achore mstari wa kushonea kwa penseli, upande wa nyuma. Ile robo ya nje hata ikikatwa kwa macho haidhuru.

Leso za pamba zinafaa sana, lakini zifuliwe kwanza. Leso mpya ina dondo, na dondo ikitoka kitambaa hurudi. Nyekundu na nyeusi zifuliwe peke yake mpaka maji yatoke meupe. Msitegemee chumvi, rangi za siku hizi haziisikii. Ukishuku kwamba si pamba, choma uzi mmoja: pamba huacha jivu laini na kunuka kama karatasi, nailoni na wenzake huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kitambaa cha namna hiyo ukikipitishia pasi ya moto utajuta. Tena tazameni jina la leso kabla ya kukata. "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki" likikatwa vibaya, mgeni atakayelala hapo atasoma "kwa dhiki" peke yake.

Anzeni na vipande tisa: miraba 9 ya inchi 4 na nusu, myeusi na myeupe kwa zamu. Mishono yote ilazwe upande wa kitambaa cheusi, ili isionekane kwa juu na ili ya safu jirani ilale kinyume na kushikana penye njia panda. Kisha kibanda cha magogo, umbo mashuhuri la Marekani: mraba mdogo katikati, ambao kwa desturi huwa mwekundu kama moto wa jikoni, na kanda zinazouzunguka. Pembetatu zije baadaye, kwa sababu upande wake mrefu umekatwa mshazari na mshazari huvutika. Msizikate moja moja. Wekeni miraba 2 ya inchi 5, uso kwa uso, choreni mstari kutoka pembe hadi pembe, shoneni robo inchi kila upande wa mstari, kisha kateni juu ya mstari. Mtapata miraba 2 yenye rangi mbili. Ipunguzeni iwe inchi 4 na nusu. Nguo ikiwa legevu, itieni dondo ya unga wa muhogo kabla ya kukata. Pasi ibonyezwe tu, kuisugua ndiko kunakopinda viraka. Ya makaa ipungwe nje kwanza jivu liondoke. Na pini zisilale kwenye kitambaa usiku. Hewa ya bahari huzitia kutu, na doa la kutu halitoki kwa urahisi.

Viraka 12 vikipangwa safu 4 za 3, na mikanda iliyokatwa inchi 2 na nusu kati yake na pande zote, kisha pindo la leso la inchi 6 likishashonwa, hupatikana mfarishi wa inchi 56 kwa 70, unaotosha kitanda cha futi 3. Pindo lipimwe katikati ya mfarishi, si ukingoni, la sivyo litafanya mawimbi.

Tabaka la kati, baina ya viraka na bitana, liwe blanketi jepesi la pamba lililokwishafuliwa. Sufi tuwaachie mito: ni utelezi, haishikiki kwa uzi, na ikilowa hujikusanya pembeni. Bitana ya marekani, ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi, izidi inchi 4 kila upande. Tandazeni tabaka zote 3 sakafuni, si juu ya mkeka, maana sindano itashona na ukili. Pigeni bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kuanzia katikati kwenda nje, mistari ikiachana inchi 4, ndipo mtie darizi ya kushika tabaka zote. Bandi za pembezoni zisifumuliwe mpaka utepe wa ukingo ushonwe. Zikitoka mapema, tabaka huteleza na ukingo hupinda.

Fundi wa nguo,
Langoni, Lamu