Harambee ya Vyoo: Shule Yetu ya Kibera

Wazazi, majirani, na nyinyi mliosomea hapa mkatawanyika hadi Doha na Dammam, shikamooni kwa wakubwa.

Mabati mlituezekea, na watoto hawanyeshewi tena. Ndiyo maana tunaona haya kurudi kwenu, tena kwa habari za choo. Lakini mficha uchi hazai. Mashimo yetu mawili yamejaa. Mvua ikipiga hufurika hadi mlangoni mwa Gredi ya 1, na wadogo huyakanyaga maji hayo wakienda kunywa uji. Pa kunawa hapana. Wizara ya Elimu inataka tundu moja kwa wasichana 25, moja kwa wavulana 30. Sisi hata kuhesabu tunaogopa.

Mtoto wetu mmoja wa Gredi ya 4 alilazwa kwa homa ya matumbo. Chanjo ya Julai 2025 ilimpita akiwa ushago kwa nyanya yake. Vidonge vya kwanza havikufua dafu, vya pili vivyo hivyo, mpaka akawekewa dawa ya mshipani. Baadhi yenu mlichangia bili, Mungu awazidishie. Daktari alitueleza kwamba bakteria waliozoea dawa hukaa hata tumboni mwa mtu asiyeumwa popote. Hutoka na kinyesi, wakaingia majini na mikononi, na bakteria mmoja humpa mwenzake usugu huo. Chanjo ya homa ya matumbo haiwagusi bakteria wale wengine. Nasi tumbo likisokota tu tunakimbilia antibiotiki za dukani, ilhali kuhara kwingi kwa watoto hutaka ORS, ile chumvi na sukari ya kukorogwa majini, na zinki! Mwaka 2019 usugu wa bakteria uliua watu takriban milioni 1.27 duniani.

Fundi ametupigia hesabu ya shilingi 640,000: matundu sita, tangi la maji, mifereji ya kunawia na lori la kunyonya uchafu. Mkononi tuna 118,000. Kamati za harusi mtaani hapa hujaza bajeti ya hema na keki kabla mwezi haujaisha, na hatuna kinyongo. Tunauliza tu.

Namba ya M-Pesa iko kwenye kadi ya mchango. Kila risiti itabandikwa ukutani, na mweka hazina atasoma hesabu mbele ya wazazi wote. Tukutane uwanjani Jumamosi ya kufunga shule, saa nne asubuhi. Asiye na pesa alete mfuko wa saruji, au aje na sepetu.

Kamati ya Wazazi