Pita Kikombo kwanza

Ihumwa, Dodoma
Jumanne usiku

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako ya juzi haikunifikia, simu ilikatika. Marahaba hivyo hivyo. Ulisema ni mtandao. Mtandao wako naona unasumbua nikimtaja baba yako mdogo tu. Nikitaja hela ya bati unanisikia vizuri kabisa. Ndiyo maana nimechana karatasi kwenye daftari la mdogo wako, akimaliza kuipiga picha atakurushia Watsapu. Karatasi haikatiki.

Umesema unaingia Jumamosi na treni, Jumapili jioni unageuza, Alhamisi unaruka kwenda Ujerumani kusomea uuguzi, miaka 3. Namshukuru Mungu, na majirani wote wameshajua, wengine nimewaambia mara mbili. Lakini nimehesabu saa utakazokuwa hapa nyumbani, nami naomba mbili tu. Pita Kikombo ukamwone baba yako mdogo.

Yale ya shamba aliloliuza baba yako mdogo sirudii, unayajua. Ila unayajua kwa mdomo wangu, na hilo ndilo linaloninyima usingizi siku hizi. Mwaka 2014 ulikuwa kijana wa miaka 17, bei ya ekari ungeijulia wapi? Ni nani aliyekuwa akikaa pale jikoni kila jioni anapepeta uwele na kupiga hesabu kwa sauti ya kusikika hadi uani? Na mwaka 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali sasa inahamia Dodoma, hesabu nikaianza upya. Kila lori la mawe lililoshusha pale shambani lilinipa maneno ya wiki nzima. Leo pamesimama ghorofa, na nikienda dukani napita ubavuni mwa ukuta wake. Siku nyingine napita nikiwaza chumvi niliyoifuata. Siku nyingine moyo unauma kama vile wameuza jana.

Kanisani nilikuwa nakwenda, usidhani. Wimbo naimba, sadaka natoa. Lakini wenzangu wakiinuka kwenda Meza ya Bwana, mimi nabaki kwenye benchi nainamia mkoba kama natafuta miwani. Wakati huo sikuwa hata na miwani. Ile Waebrania 12 inaposema shina la uchungu lisije likachipuka na kuwasumbua, inaendelea kwamba watu wengi wakatiwa unajisi kwa hilo. Wengi, baba. Shina nililipanda mimi, na wewe uko Dar es Salaam unalimwagilia maji.

Bibi yako, unakumbuka, alikuwa mtu wa Uamsho, wale walokole wa zamani. Alikuwa akimwita Askofu Festo Kivengere wa Uganda “yule mwalimu wetu”, kwa sababu kabla ya Uhuru askofu huyo alifundisha hapa hapa Dodoma. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa Uganda, Kivengere naye ilibidi akimbie, akavuka milima usiku na mkewe hadi Rwanda. Aliyempoteza ni rafiki na kiongozi wake, si ekari mbili. Ijumaa Kuu ya mwaka huo alikuwa London, kanisani, anasikiliza yale maneno ya msalabani, “Baba, uwasamehe”. Akajiona moyoni amejaa chuki kwa Idi Amin, naye ni askofu, mhubiri wa msamaha. Alitubu, kisha akaandika kitabu kidogo kusema anampenda Amin. Bibi yako alipokuwa akitusimulia, mimi nilikuwa nanong'ona kwamba Waganda wana mioyo yao. Nilikuwa bado sijadhulumiwa.

Sikwambii kwamba alichofanya baba yako mdogo ni kidogo. Nimechoka na watu wanaosema “yamepita” wakati shamba halikuwa lao. Mchungaji alitufafanulia ule mfano wa mtumwa katika Mathayo 18: dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Basi zile dinari 100 alizokuwa akidai mtumwa kwa mwenzake ni vibarua vya zaidi ya miezi 3. Si hela ya kuchezea! Yesu hakusema hakuna deni. Deni lipo, na wewe una haki ya kulijua. Shida ya yule mtumwa ni kwamba alimkaba mwenzake koo akitoka tu kufutiwa talanta 10,000, na wewe najua mwenyewe ulichofutiwa, usinilazimishe kuandika, mdogo wako anasoma.

Wala sikuambii umkabidhi kitu. Kiwanja chako cha Kisasa usimwonyeshe hati, mimi mwenyewe simwonyeshi. Kusamehe ni kitu kimoja, na kumpa mtu ufunguo wa sanduku ni kingine. Mimi nataka ukamsalimie tu. Ukiweza kukaa, kaa. Ukishindwa, msalimie ukiwa umesimama, utasema bodaboda anasubiri.

Nilikwenda wiki iliyopita, nilibeba uji kwenye chupa ya chai. Tangu kile kiharusi mkono wa kulia haunyanyuki na maneno yanatoka nusu nusu. Nilipoingia alitaka kunikaribisha, akawa anatafuta kwa macho, mwisho akakisukuma kigoda kwa mguu, polepole, mpaka kikanigusa gotini. Mtu huyu huyu niliapa sitakalia kiti chake. Nikakaa. Hakuomba msamaha, nisikudanganye. Sijui kama ni ulimi umekataa au ni yeye. Alichouliza, nilimwelewa mara ya tatu, ni “ameshaondoka?” Nikamwambia bado.

Kwa hiyo pita, mwanangu. Miaka 3 ni mingi kwa mtu wa kiharusi. Usije ukapigiwa simu kule kwenye baridi ukaanza kuulizia nauli.

Na jambo jingine. Utakapofungua sanduku la bati kutafuta cheti chako cha kuzaliwa, chini ya koti la marehemu baba yako kuna ile karatasi ya mauzo. Isome hadi mwisho. Kuna sahihi ya baba yako mdogo, kuna ya mjumbe, na kuna dole gumba. Mimi kusoma nilijifunza ukubwani, unajua, wakati huo nilikuwa natia dole tu. Aliniletea laki 4 akasema ndiyo yote. Kwamba ilikuwa milioni moja na nusu nilikuja kujua baadaye. Hizo laki 4 ndizo zilizokupeleka kidato cha tano. Nilikuwa nasubiri siku nzuri ya kukueleza, haikupatikana.

Bati limeshapigwa, fundi alitaka elfu 30 nikampa 25 na chakula. Yule mbuzi mwenye bato kazaa mapacha, mmoja hakuishi. Luku inaisha haraka siku hizi, sijui dada yako anapasha nini usiku. Cheti cha chanjo usisahau, na soksi nzito nunua huko huko Kariakoo, hapa hamna. Ukifika kule tafuta kanisa kabla hujatafuta marafiki, hata kama hujui wanachosema.

Mlenda nimeukausha vizuri, hauna mchanga, nimefunga mifuko miwili. Mmoja uweke kwenye begi la kupandia ndege. Wa pili ni wa Kikombo, na mimi siupeleki.

Mama yako